Jina langu liko kwenye cheti, lakini masomo sikuyasikia

*Msomaji aliyetuandikia barua hii ameomba jina lake lisitajwe. Tumebadilisha mambo machache ili asitambulike.*

Mama mshauri, shikamoo.

Nimeianza barua hii mara nne nikaifuta. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nina miaka 44, nina mke na mtoto mmoja wa kiume. Nilikuja Marekani mwaka 2005 kwa bahati nasibu ya viza, na mwaka uliofuata nikajiunga na jeshi. Nilipelekwa Iraq, kambi ya Balad, kazi yangu ikiwa mafuta: kupokea, kupima, kujaza magari. Waliopita Balad wanalijua lile shimo la kuchomea taka. Liliwaka usiku na mchana, likitupiwa plastiki, betri, takataka za hospitali, na moshi wake ulikuwa ukitulalia juu ya vitanda. Huko ndiko nilikokutana na rafiki yangu, mtu wa Malindi. Nilikuwa kwenye foleni ya chakula nikasikia mtu nyuma yangu anatukana kwa Kiswahili. Tangu siku ile tukawa ndugu.

Nilitoka jeshini 2013. Nikadai fidia ya masikio na mgongo, nikanyimwa, nikajifunza mwenyewe namna madai yanavyoandikwa, nikapata. Habari zikaenea. Ikawa kila Jumamosi mtu anabisha hodi na bahasha mkononi, Mkenya, Mkongo, mara Mmarekani mwenyewe. Sheria hairuhusu mtu kuendelea hivyo hivyo bila idhini ya VA, yaani ile idara ya serikali inayoshughulikia maveterani. Basi nikajaza fomu 21a, wakanichunguza, nikafanya mtihani ambao lazima upate asilimia 75, na Juni 2020 nikapewa idhini ya kuwa wakala wa madai. Mimi si wakili, lakini mbele ya VA ninaruhusiwa kumsimamia mtu katika madai yake kama wakili anavyoruhusiwa. Riziki yangu hasa inatoka ghalani, zamu ya usiku.

Idhini ina masharti. Katika miezi 12 ya kwanza lazima usome saa 3 za kozi iliyokubaliwa na chama cha mawakili cha jimbo lolote. Kisha saa 3 nyingine kabla ya kutimiza miaka 3 tangu upewe idhini, na baada ya hapo saa 3 kila miaka 2. Ukimaliza, unaiandikia VA wewe mwenyewe: jina la kozi, tarehe na saa, na nani aliyeitoa. Hawakutumii msimamizi wa kukuchungulia. Wanachukua neno lako.

Zile za kwanza nilizisoma vizuri, nikaandika daftari zima. Za pili zilitakiwa kabla ya Juni 2023, na mwezi wa Mei mama yangu alikuwa mahututi Mombasa. Nilikuwa nikifanya kazi usiku, nikiongea na hospitali asubuhi, nikituma pesa mchana. Zilipobaki siku sita nikalipia kozi ya kurekodiwa mtandaoni. Nilitoka zamu, nikaifungua saa mbili asubuhi. Katika kozi hizo, kila baada ya muda neno hutokea kwenye skrini, nawe lazima uliandike kuthibitisha kwamba upo. Ilikuwa Jumamosi, mwanangu alikuwa nyumbani, akiwa na miaka 11. Nikamwambia, "Ukiona neno liandike, Baba anapumzika macho." Niliamka cheti kimeshaingia kwenye barua pepe. Nikaiandikia VA kwamba nimesoma saa 3, nikatia saini.

Agosti mwaka huohuo rafiki yangu akafariki kwa saratani ya mapafu. Oktoba mkewe, shemeji yangu, akaja na mfuko wa duka umejaa karatasi. Kwa sheria ya PACT ya 2022, saratani yoyote ya njia ya hewa kwa mtu aliyehudumu Iraq inachukuliwa kuwa imetokana na utumishi, kwa hiyo alistahili fidia ya mjane, tunayoiita DIC. Tatizo lilikuwa cheti cha ndoa. Walioana kwa nikaha 2004, cheti kikapotea katika kuhamahama, na kupata nakala kutoka kwa Kadhi kukachukua miezi na miezi. Mimi nikamwambia, "Shemeji, tusubiri tupeleke faili lililokamilika, wasije wakaturudisha." Tukapeleka Oktoba 2024. Januari 2025 wakakubali. Shemeji alilia simuni. Akapika biriani, akaita watu, akasimama mbele yao akasema bila mimi angekuwa barabarani. Sikumtoza hata senti, na sikuruhusiwa kumtoza, maana kabla ya uamuzi wa kwanza hatutozi.

Usiku ule niliporudi nyumbani nikaisoma tena barua ya uamuzi, nikaona malipo yanaanza Novemba 2024. Nikafungua makabrasha ya ile kozi niliyolala. Ilikuwa humo, ukurasa mzima. Mjane akidai ndani ya mwaka mmoja tangu kifo, malipo yanahesabiwa kuanzia mwezi wa kifo. Akichelewa, yanahesabiwa kuanzia alipodai. Na kama karatasi hazijakamilika, kuna fomu fupi ya kuonyesha kusudio la kudai, 21-0966, ambayo ingeishika tarehe huku tukingojea cheti. Fomu yenyewe ninaijua! Nimeitumia kwa maveterani walio hai mara nyingi. Kwa mjane haikunijia. Miezi 14 imepotea. Ni zaidi ya dola 22,000, bila kuhesabu nyongeza ya watoto wake wawili.

Yeye hajui. Mke wangu anasema ninyamaze: umemsaidia bure, amepata, usimharibie furaha. Binamu yangu ana kampuni ya "ushauri" wa madai isiyo na idhini yoyote, anasema niachane na VA na mitihani yao nikafanye kazi kwake, pesa nzuri, hakuna saa za kusoma. Mimi nafikiri niirudishe idhini, nikae ghalani, basi.

Na sasa Juni inakuja tena, saa 3 nyingine. Juzi nilikuwa natafuta kozi, mwanangu akapita nyuma yangu akaona skrini. Akaniuliza, "Baba, nikuandikie maneno tena?"

Mama, nifanye nini?

*Aliyelala, Texas*

---

Mshauri anajibu

Marahaba mwanangu. Na pole ya rafiki yako, kwa sababu katika barua nzima hukujipa nafasi ya kumwomboleza. Mama yako pia hukusema aliishia wapi. Natumaini alipona, na kama hakupona, Mungu amrehemu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikafanya jambo ambalo huwa silifanyi sana: nikampigia simu mtu ninayemfahamu, mwanasheria aliyesimamia wajane wa wanajeshi kwa miaka. Sikumwambia wewe ni nani wala unaishi wapi. Nilimweleza kisa tu. Nilitarajia aanze na saini yako, kama ulivyoanza wewe. Hakuigusa. Aliuliza swali moja: "Huyo mama, mumewe alipofariki, alikwenda Social Security?"

Social Security ni ile ofisi ya serikali inayolipa mafao ya uzeeni na ya warithi wa marehemu. Nitarudi kwenye swali hilo. Kwanza niseme nilivyokuelewa, unisahihishe kama nimekosea.

Una mambo mawili uliyoyafunga fundo moja. Liko kosa la kazi: ulimwambia mjane asubiri wakati hakupaswa kusubiri. Na uko uongo: uliandika umesoma saa ambazo hukusoma. Kwa sababu jibu la kosa lilikuwa limelala ndani ya zile saa, umejihukumu kwamba uongo ndio uliomla shemeji yako pesa. Mimi sina hakika hivyo. Umesema mwenyewe fomu ya kusudio unaijua na umeitumia mara nyingi. Hukukosa habari, ulikosa kuunganisha. Ulikuwa na mjane wa ndugu yako mbele yako, mfuko wa karatasi, na msiba ambao haujapoa hata kwako. Huenda ungekuwa macho siku ile ya kozi, ukaandika daftari la pili, na Oktoba ukasema maneno yaleyale. Saa 3 katika miaka 2, mwanangu! Mimi nikienda kusukwa hukaa kitini zaidi ya hapo. Mwaka 2019 walibadilisha mfumo mzima wa rufaa, 2022 ikaja hiyo PACT na orodha yake ndefu ya maradhi, na sharti likabaki saa 3. Anayetegemea hizo peke yake hajasoma, hata akiwa macho.

Sisemi haya kukufariji. Kwa kweli yanakuongezea mzigo. Ukiamini usingizi ndio uliokuponza, utafikiri dawa yake ni kutolala. Lakini kama ni namna yako ya kazi, kutaka faili likamilike ndipo liende, basi liko faili jingine mezani kwako sasa hivi linalongoja cheti kutoka Kinshasa au Kisumu. Umeyapitia mafaili yako? Mimi ningeyapitia usiku wa leo kabla ya kujibu swali lolote la dhamiri.

Sasa shemeji yako. Umeniuliza kama umwambie, na umeliuliza kana kwamba ni suala la roho yako: utatubu au hutatubu. Mkeo naye amelijibu kwa upande huohuo, wa furaha ya mwenzio. Ndiyo maana lile swali la mwanasheria lilinishtua. Iko sheria ya zamani inayosema mjane akiomba mafao ya warithi kwa Social Security, maombi hayo huhesabiwa kuwa ni maombi ya fidia ya mjane kwa VA pia, tangu siku yalipopokewa kule. Haijalishi kwamba karatasi haikuwahi kufika VA. Mama mwenye watoto wawili wadogo, mume amefariki Agosti, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu fulani, pengine wa nyumba ya mazishi, pengine mwalimu wa watoto, alimwambia nenda Social Security. Wengi hukumbuka ile dola 255 ya mkupuo wanayopewa kule baada ya kifo, na kusahau mengine. Usimuulize hiyo. Muulize kama watoto wanapata kitu kila mwezi, na alijaza fomu lini.

Kama alikwenda kabla ya Agosti 2024, huenda tarehe haikupotea. Ilikuwa ofisi nyingine, ndani ya kabati, inangoja mtu aitaje. Na kama hakwenda, basi hasara ni hasara, lakini atakuwa na haki ya kumpelekea mtu mwingine faili alitazame kwa macho mapya.

Lakini zipo siku za kuhesabu. Uamuzi ni wa Januari 2025. Ana mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ile kupeleka ushahidi mpya au kuomba itazamwe upya na hoja ya tarehe ikabaki hai. Mwaka ukipita, uamuzi huwa wa mwisho, na kuugusa tena kunahitaji kuonyesha kosa la wazi la VA wenyewe, mlango mwembamba mno. Unaona ninakokupeleka? Oktoba ile ulimwambia asubiri kwa kutojua. Ukinyamaza hadi Januari 2026, utakuwa umemsubirisha mara ya pili, na mara hii ukijua.

Silazimishi. Wewe ndiye utakayekaa sebuleni kwake, si mimi. Nakuwekea tu yale ninayoyaona yakitokea ukisema.

Anaweza kukasirika. Si lazima siku hiyohiyo. Siku hiyo anaweza kukwambia "hapana shemeji, ni kadari ya Mungu," akakumiminia chai, kisha baada ya wiki tatu akianza kupiga hesabu ya dola 22,000 kwa kodi ya nyumba, ikamchoma. Anaweza kuwaambia wenzake wa chama, na mji wenu wa Waswahili hapo Texas si mkubwa. Anaweza kulalamika VA, na ni haki yake. Wateja wengine watasikia. Na hata akikusamehe kwa moyo mweupe, liko jambo moja ambalo huna budi kulifikiria: unawezaje kuendelea kumsimamia katika dai ambalo hoja yake ni kosa lako? Hapo maslahi yako na yake yamegongana. Ukienda kumwambia, nenda na njia mkononi. Kaunti nyingi za Texas zina ofisa wa maveterani, na yapo mashirika ya maveterani yanayotambuliwa na VA ambayo wawakilishi wao hawatozi chochote. Akisaini fomu ya kumteua mwingine, wewe unatoka, na yeye anabaki na mtu. Pengine utaendelea kuwa mkalimani wake. Hiyo si aibu.

Umesema watu wenu hawana mwingine ila wewe. Samahani, hukusema hivyo waziwazi, ila ndivyo nilivyoisikia barua: bahasha za Jumamosi, biriani, "bila wewe ningekuwa barabarani." Inapendeza kuambiwa hivyo. Nimewahi kuambiwa, najua ladha yake. Lakini hebu jiulize kama hiyo ladha haikuchangia kidogo kumfanya shemeji angoje mwaka mzima mlangoni kwako badala ya wewe kumpigia mtu mmoja na kuuliza, "Bwana, nina mjane hapa, cheti hakijafika, wewe hufanyaje?" Mawakala wasio mawakili mnafanya kazi mkiwa wapweke sana. Wakili ana wenzake ofisini. Mtu wa shirika la maveterani ana msimamizi, na shirika lenyewe lazima limthibitishe upya kila miaka 5. Wewe una meza ya jikoni. Zile saa 3, ukizichukua kwa kozi ya moja kwa moja yenye watu wanaouliza maswali, si rekodi, zinaweza kukupa namba za simu za watu wawili. Kwangu mimi hizo namba zina thamani kuliko cheti.

Tuje kwenye saini. Hapa ninakwenda polepole, nawe uende polepole.

Hukuandika uongo kwa rafiki, uliandika kwa serikali ya shirikisho, na Marekani hilo lina sheria yake ya jinai. VA nao, kupitia ofisi ya mwanasheria wao mkuu, wana uwezo wa kusimamisha au kufuta idhini ya mtu. Sikutishi. Nakuambia kwa sababu ninakuona ukikaa usiku ukaandika barua ndefu ya kutubu, kama hii uliyoniandikia mimi, ukaituma asubuhi ukitoka zamu. Usiitume. Mficha uchi hazai, walisema wazee, ila hawakusema uchi huo uonyeshwe nani kwanza. Muonyeshe wakili. Si mimi, si binamu, si kikundi cha WhatsApp cha mawakala. Tafuta anayeshughulikia nidhamu ya wanataaluma, mlipe kikao kimoja, mweleze yote, pamoja na lile la mwanao, naye ana wajibu wa kutunza siri yako.

Anaweza kukushauri usome saa 3 zile sasa, kikamilifu, kisha urekebishe taarifa yako kwa maneno machache. Ukienda njia hiyo, unaweza kukutana na mtu anayeheshimu aliyejitokeza mwenyewe, na unaweza kukutana na mtu anayefuata kitabu. Anaweza pia kukuambia mambo ambayo mimi sina elimu ya kuyajua. Njia ya tatu unaijua: soma hizi za Juni vizuri, saini, na ile ya 2023 iachie vumbi. Wengi wangeichagua, na sitajifanya siielewi. Bei yake ni kwamba kila mwaka ukijaza taarifa yako kwa VA utaipita ile karatasi ya zamani, na siku shemeji au mteja yeyote akilalamika kwa jambo jingine, faili likafunguliwa, itatoka wakati ambao hukuuchagua wewe.

Kuirudisha idhini? Unaweza. Ila tazama vizuri unachokirudisha. Ukiirudisha kwa sababu umechoka, una haki, miaka hii yote ya kukesha si mchezo. Ukiirudisha ili usilazimike kumtazama shemeji usoni, bado utakutana naye arusini na msibani, na siku za kuhesabu hazitakoma kwa sababu wewe si wakala tena. Na wale wenye faili wazi mezani kwako itabidi uwakabidhi kwa mtu, mmoja mmoja, kwa maandishi, tarehe zao zikiwa zimeandikwa kwa wino mwekundu.

Kuhusu binamu yako, nitasema kidogo. Anasema hawawakilishi mtu, wanashauri tu. Ndivyo wanavyosema wengi. Sheria inataka idhini kwa yeyote anayemwandalia mtu dai, na miongoni mwa kampuni za namna hiyo zipo zinazomtoza veterani mara tano au zaidi ya nyongeza yake ya mwezi. Wewe, ukiwa na idhini, hutozi kitu kabla ya uamuzi wa kwanza, na baada ya hapo asilimia 20 ya malimbikizo ndiyo inayohesabiwa kuwa haki bila maswali, na ikipita theluthi moja inahesabiwa kuwa imezidi mpaka uthibitishe vinginevyo. Kwake hakuna saa za kusoma kwa sababu hakuna anayeuliza kama amesoma. Kosa kama la shemeji yako likitokea kwake, nani atafungua makabrasha usiku na kuliona? Wewe uliliona kwa sababu makabrasha ulikuwa nayo.

Nimemwacha mwanao mwisho kwa sababu ndiye aliyenikaa rohoni.

"Nikuandikie maneno tena?" Wewe umelisikia kama hukumu. Mimi nimelisikia kama mtoto anayetaka kusaidia. Mwaka 2023 baba yake alikuwa amechoka, bibi yake anaumwa mbali, na yeye alipewa kazi akaifanya vizuri, hakukosa neno hata moja. Pengine anajivunia. Sasa ana miaka 13, na umri huo ndio wanaoanza kupima walichoambiwa zamani. Huna haja ya kumwita kikao. Lakini usimwache abaki akidhani ile ilikuwa kazi ya kawaida ya nyumbani kama kutoa takataka. Unaweza kumwambia kwamba siku ile ulikosea kumtuma, kwamba lile lilikuwa la kwako na si lake, na mara hii utaandika maneno mwenyewe. Akiuliza kwa nini, mjibu kwa kadiri ya swali lake. Na uzungumze na wakili kabla, ili usimbebeshe mtoto siri ambayo baadaye ataona ana lazima ya kuilinda.

Mkeo naye usimwone kama anayekuharibia. Anakuogopea. Mwonyeshe barua ya uamuzi, mwonyeshe na ile tarehe, na umuulize angependa nini kama yeye ndiye angekuwa mjane na wewe ndiye uliyelala Malindi chini ya mchanga. Msikilize atakachosema, hata kama si unachotaka.

Huhitaji kuamua yote wiki hii. Ya wakili yanaweza kuchukua mwezi. Ya idhini, hadi Juni. La binamu linaweza kungoja hata milele. Moja tu halina subira, nalo halihitaji hata ungamo zima ili lianze. Mpigie shemeji, mjulie hali, uulize watoto, halafu muulize kama alipofiwa aliwahi kwenda Social Security, na kama zile karatasi anazo. Akisema anazo, mwambie asizitupe, wala asikupe wewe nakala halisi. Mengine utajua mwenyewe, ukiwa umeshika simu, kama ndiyo saa ya kuyasema.

Niandikie ukishajua alikwenda lini.